Mama Mkwe Jikoni, Mimi Barabarani

Shangazi Skolastika, shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisi ya walimu, wenzangu wanadhani nasahihisha mitihani, na nina baridi, nina furaha, nina hofu, yote matatu kwa pamoja, na kwa kuwa siwezi kuyasema kwa mtu anayenijua, nimeona niyaseme kwako wewe unayesoma mambo ya watu kila wiki gazetini na hujawahi kumwonea mtu haya. Nisaidie, Shangazi, nyumba yangu inaondoka na mimi nimekaa naota moto.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Kagera, nilihamishiwa hapa Songea na nikaoa hapahapa. Majina ya kweli nimeyaficha, kwa hiyo mimi niite Leonce na mke wangu mwite Kunegunda. Ni binti wa Mbinga, fundi cherehani, mcheshi, mwenye maneno, na tumekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto hadi watu wakaacha kutuuliza, jambo ambalo linauma kuliko kuulizwa. Sasa mke wangu ana mimba, Shangazi, tena siyo ya kubahatisha, ni tumbo kubwa linalotangulia kuingia mlangoni kabla yake, na mtoto anacheza humo ndani mpaka kitenge kinatikisika, na juzi alipiga teke mkono wangu ukiwa hapohapo, nikaondoka haraka nikaenda uani nikajifanya naangalia nguo kama zimekauka, kumbe nalia. Sikumwambia Kunegunda. Kwetu mwanaume hashangilii mtoto ambaye hajafika, tena mama mkwe akiwa karibu anasikia kila kitu, kwa hiyo furaha yangu naitembeza ndani kwa ndani, nikiwa darasani nachora ramani ya mikoa ubaoni najikuta natabasamu, wanafunzi wanaulizana mwalimu amepatwa na nini.

Mama mkwe alikuja mvua zilipokuwa zinakata, kwa lori, na magunia ya mahindi, maharage mapya, mihogo, kuku waliofungwa miguu na kapu la samaki wakavu, mbasa wa Ziwa Nyasa, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya kupanga pale Ruhuwiko haijawahi kunyamaza. Mwezi huu wa tano unaujua mwenyewe. Asubuhi ukungu umelala juu ya mabati, kila uwanja una turubai la mahindi, kila nyumba inapukuchua, majirani wanaingia bila hodi wanakaa wanapukuchua na kupiga soga, na mama mkwe katikati yao anachekesha watu kwa Kimatengo, lugha ya kwao, mpaka wengine wanaomba apumzike wasije wakavunjika mbavu. Mimi nasikia tu kicheko kwa mbali, sijawahi kukiona kinatoka kwenye uso wake, na hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

Mama hakai chumba kimoja na mimi. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Nikimsalimia shikamoo mama, ananijibu akiwa upande wa pili wa ukuta, marahaba baba, kwa sauti ndogo ya heshima, halafu nasikia kandambili zinaondoka. Chakula anapika yeye, tena anapika vizuri mno, lakini hajawahi kula nikiwa ndani, anabeba sahani yake anakwenda jiko la nje na anakaa huko mpaka niende kulala ndipo anarudi kupitia uani kwenye chumba chake. Kunegunda aliniambia nisijali, ndiyo heshima ya kwao, mkwe hamtazami mkwe akitafuna. Mimi nilifikiri labda ni kutozoeana tu, maana mahari niliituma kwa simu akaipokea mjomba wao Rupert, na siku ya utambulisho nilikuwa nimepangwa kusimamia mitihani mbali, akaenda mwalimu mwenzangu kuniwakilisha, kwa hiyo mama aliniona kwa mara ya kwanza kanisani siku ya ndoa, tena akiwa benchi la nyuma.

Lakini Shangazi, baridi imeanza. Ule upepo unaoteremka kutoka milima ya Matogoro hauchagui mkwe wala mwana, na jiko letu la nje ni mabanzi ya mbao tu, mwanya hadi mwanya, moto ukishafifia ni kama umekaa barabarani. Jioni moja nimekaa sebuleni kwenye kochi, jiko la mkaa liko pembeni, dirisha limefungwa, joto zuri, nikasikia mama anakohoa huko nje, anakohoa na kujizuia ili nisisikie. Nilijiona mtu mbaya sana. Nikasema moyoni, huyu mama ametoka kwake kuja kulea tumbo la mke wangu, halafu mimi ndiye namtoa nje kwenye baridi kwa sababu tu nimerudi kwangu. Nikaamua kuanzia kesho yake nisiwe narudi mapema, ili yeye akae ndani aote moto na mwanaye, mimi niingie wakati wa kulala.

Nyumbani nikasema kuna mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba nikitoka shule naenda Bombambili, kuna mama mmoja anaitwa Bi Chiku, mtu wa Tunduru, mtu mzima mwenye wajukuu, anachoma mahindi kando ya barabara, haya mahindi ya mwisho ya mabondeni, na ana jiko kubwa lenye moto wa uhakika. Naomba kibao nakaa. Nakula hindi moja, la pili, tunazungumza habari za korosho na watoto, hata yeye nimemwambia mtoto anavyopiga teke, akafurahi akaniombea dua. Siku moja akanitazama akaniuliza, "Baba, we huna kwenu?" Nikacheka, nikaomba hindi jingine.

Sasa sikia nilichokipata kwa wema wangu. Narudi nimeshiba mahindi, chakula cha mama nakigusa kidogo tu, sahani inarudi jikoni imejaa. Nguo zinanuka moshi. Juzi Kunegunda akanishika kola ya shati akainusa, akaniuliza taratibu kabisa, "Leonce, huu ni moshi wa nyumba ya nani?" Nikamwambia wa ofisini. Shangazi, nani anawasha kuni ofisini? Nilijua nimeharibu kabla sijamaliza kusema.

Jana nikasikia mama, kwa mara ya kwanza, anaongea kwa sauti ya kunifikia mimi, akiwa nje ya dirisha, anamwambia bintiye, "Mwambie baba, kama chakula changu hakimpendezi, mahindi yakiisha kupukuchuliwa nitarudi kwangu nikavune maharage." Kunegunda akajibu palepale kwamba hataachwa peke yake na mwanaume wa kulala tu, akiondoka mama naye anaondoka, atajifungulia Mbinga. Ameshaanza kukunja nguo za mtoto anaziweka kwenye begi. Zile soksi ndogo, Shangazi, nilizinunua mimi.

Nikisema ukweli kwamba nakaa nje kwa ajili ya mama, mama atajua ndiye anayenifukuza kwangu, ataona aibu, ataondoka kesho asubuhi na Kunegunda atanilaumu. Nisiposema, wanaondoka wote wawili kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo. Gunia la kupukuchua limebaki moja na nusu na majirani wana mikono ya haraka. Nifanye nini? Mimi ninayetaka kuwa baba na nisiwe mbali siku hiyo,

Leonce, Ruhuwiko.

Leonce, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia, mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa bado kwenye hiyo ya pili, kwa hiyo vumilia. Majina umeyabadilisha, hongera, lakini gazeti hili likishauzwa hakuna mtu Bombambili asiyejua ni mwalimu gani anayekaa kibaoni kwa Bi Chiku kila jioni. Ulikuwa unajificha barabarani, mwanangu.

Nikupe kwanza lako. Una moyo mzuri. Wapo wanaume wanaowaona mama wakwe zao wakitetemeka na wakaomba waongezewe chai. Wewe ulisikia kikohozi kikakuuma, na hilo silichukulii kwa wepesi hata kidogo. Lakini moyo mzuri bila mdomo ni hasara tupu, na wewe mwalimu unayelipwa kwa kuongea unawezaje kukosa maneno ndani ya nyumba yako?

Hebu itazame hiyo sebule. Mama anatoka kwa heshima yako. Wewe unatoka kwa kumhurumia mama. Kila mmoja amempisha mwenzake, yeye yuko kwenye mabanzi, wewe uko kando ya lami. Usiniambie kwamba ukiwa nje mama anaingia kukaa kwenye joto. Umemwona akiingia? Mama wa Mbinga hatandazi miguu sebuleni kwa mkwewe wakati hajui mkwe atatokea mlangoni saa ngapi. Zamani alijua muda wako, alipumzika ndani mchana na kutoka ulipokaribia. Sasa hajui, kwa hiyo jioni nzima anakaa jikoni akisubiri. Umemwongezea baridi. Na kwenye kochi lenye joto amebaki nani? Amebaki Kunegunda na tumbo lake, peke yake, ananusa hewa.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana umelitaja mbiombio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mahari kwa simu, sawa, dunia imebadilika. Lakini siku ya utambulisho ulimpeleka mwalimu mwenzako. Leonce, huyo mwalimu ndiye aliyeonyeshwa kwa mama. Kwa koo nyingi za huku kwetu, mama mkwe anamkwepa mkwe mpaka afunguliwe. Mkwe anakuja mwenyewe, na zawadi yake, mzee wa upande wa mke anakaa katikati, mama anawekewa chakula, anakula tonge la kwanza mkwe akiwa palepale, na kuanzia hapo wanaweza kukaa chini ya paa moja kama watu. Wewe hukuja. Hujamfungua. Halafu unashangaa kwa nini anakula jikoni. Kunegunda alikuambia usijali kwa sababu anakustahi, au alisubiri ushtuke mwenyewe, na wewe hukushtuka.

Na hili la chakula ndilo lililonipandisha hasira. Mama huyo hawezi kukaa na wewe, hawezi kuzungumza na wewe, hawezi kukuonyesha meno yake akicheka. Kitu pekee anachoweza kukupa ni hiyo sahani. Hao mbasa, hayo maharage, hilo ndilo neno lake kwako kila siku, na wewe unalirudisha jikoni limejaa, kisa umeshiba mahindi ya kuchoma. Mimi ningekuwa yeye ningeshaondoka na lori lilelile.

Basi sikiliza, na usianze kunipa sababu. Leo ukitoka shule nenda moja kwa moja nyumbani. Bi Chiku ana wateja wengine, tena siku nyingine mpeleke mkeo mkamsalimie pamoja, amkague mwenyewe, watakuwa mashoga. Ukifika, ongea na Kunegunda chumbani kwenu, mlango umefungwa, taratibu, na umwambie yote kuanzia kikohozi. Unaogopa mama ataona aibu. Mama haambiwi na wewe. Binti anajua namna ya kumwambia mama yake jambo likawa dogo, na wanawake hao wawili wamevuka makubwa kuliko wewe kukaa kwenye kibao. Kinachomwaibisha mama sasa hivi ni kudhani amempikia mkwe anayemchukia na kumlea binti aliyeolewa na mhuni. Ukilinganisha na hayo, kusikia kwamba mkwe alikuwa anampisha ni sherehe.

Leo kula chakula chake. Kimalize. Ukiweza omba nyongeza, sauti ifike jikoni.

Kisha mpigie simu mjomba Rupert, leo hiihii, kabla hujapata mitihani mingine. Mwombe radhi kwa siku ile, mwombe aje Songea yeye na mkewe. Nauli ni yako, usimwachie mzee. Nunua blanketi, tena zito, siyo hivyo vitambaa vinavyoonyesha upande wa pili, na kitenge kizuri ambacho Kunegunda atakuchagulia, na jogoo. Mjomba atakaa katikati na kumkabidhi mama zawadi kwa niaba yako, wewe ukiwepo kwa miguu yako mwenyewe, umevaa vizuri, umeinamisha kichwa kidogo. Mama akila tonge la kwanza, usipige makofi na usitoe hotuba. Ninawajua ninyi watu wa Kagera, mkipewa nafasi ndogo tu mtaanza na utangulizi. Siku hiyo unasema asante mama, unakaa chini.

Usitegemee kwamba baada ya hapo atakaa karibu yako mkitazama televisheni. Atachagua kiti cha karibu na mlango wa jikoni, atakupa mgongo kidogo, atakuita baba vilevile. Lakini atakuwa ndani. Mpaka mjomba afike, chukua turubai moja lililomaliza kazi ya mahindi, zungushia yale mabanzi upande upepo unakotokea, na mwekee mama kiti chenye egemeo badala ya kigoda. Kazi hiyo ifanye mwenyewe akiwa amekwenda kwa majirani, akirudi akute imekwisha. Ataelewa.

Jambo jingine nililiona likipita kwenye barua yako kama si kitu. Hilo jiko la mkaa mnaloliingiza sebuleni na dirisha limefungwa, acheni kabisa. Mkaa unaua kimyakimya, na mjamzito ndiye wa kwanza kuzidiwa. Fungueni dirisha, na kabla ya kulala jiko litoke nje. Baridi ya Songea inatibiwa na sweta, na nyumba yenu ina fundi cherehani na bibi mtarajiwa mwenye mikono miwili.

Kuhusu Kunegunda kujifungulia Mbinga, usimkatalie kwa amri. Ukishasema ukweli, muulize anataka wapi na kwa nini, mwende kliniki pamoja mkamsikilize nesi. Akichagua kwao, chukua ruhusa uende naye. Shule ina walimu wengi, mtoto huyo ana baba mmoja.

La mwisho. Umeniandikia mimi, mwanamke usiyemjua, kwamba mtoto alipiga teke ukaenda uani kulia. Bi Chiku naye umemweleza akakuombea dua. Wanafunzi wako wamekuona ukitabasamu ubaoni. Mtu mmoja tu Songea nzima hajui kwamba una furaha, naye ndiye aliyebeba hiyo mimba. Miaka yote hiyo mliyosubiri, alisubiri na wewe, na sasa imefika anaamini anaifurahia peke yake, ndiyo maana anakunja soksi. Usiniletee habari za kwenu mwanaume hashangilii. Kwenu ni Ruhuwiko. Ingia ndani, weka mkono palepale ulipopigwa teke, na safari hii ukianza kulia, usitoke nje.